Siku Niliyoikana Sauti Yangu

Mwanangu Tumaini,

Leo ni Halowini na niko peke yangu hapa Crescent Town, Toronto, kwenye fleti yetu ileile. Nimerudi kazini saa kumi, nimepasha wali wa jana, nimekula nimesimama. Halafu nimewasha kompyuta nikafungulia ule muziki wako wa kutisha, wa kinanda kinacholia polepole kama mtu mwenye mguu mbovu anapanda ngazi. Nimeusikiliza mpaka mwisho. Ulipokwisha nikaurudia, maana nyumba ilikuwa kimya mno.

Unakumbuka Halowini yetu ya kwanza hapa? Ulikuwa na miaka saba. Baba yako alikuwa ameshatuacha akarudi Tanzania, na mimi nilikuwa naogopa kila kitu: baridi, lifti, barua za serikali. Kanisani tuliambiwa sikukuu hii ni ya shetani. Basi jioni ile nikazima taa zote, nikakukalisha kwenye zulia karibu na sofa, nikakuambia tujifanye hatupo. Watoto wakawa wanapita wakigonga mlango mmoja baada ya mwingine kuomba pipi. Wewe uliwajua kwa sauti. Ulininong'oneza kwa Kiingereza kwamba yule anayecheka ni rafiki yako wa darasani, na leo amevaa kama mchawi. Nikakuwekea kidole mdomoni. Walipogonga mlango wetu uliushika mkono wangu, ukautazama mlango. Hukulia. Ungelia ingekuwa afadhali, ningejua la kufanya.

Tuliendelea hivyo miaka kadhaa. Kila mwaka taa zinazimwa, kila mwaka tunajifanya hatupo.

Kilichonibadilisha ni mafua. Ulikuwa na miaka kumi na miwili au kumi na mitatu, na mimi sikwenda kazini kwa sababu ya kifua. Nikakusikia sebuleni unacheka huku umejiziba mdomo kwa mkono wa sweta. Nikatoka na blanketi langu mabegani, tayari kugomba. Kwenye kompyuta kulikuwa na video: mifupa ya mtu imekaa kwenye kiti, inajipigia mbavu kama marimba. Mara akatokea mbwa, akachomoa mfupa wa paja, akatimka nao, na ile mifupa ikawa inamkimbiza kwa mguu mmoja huku ikishika kichwa kisidondoke. Ulipogeuka ukaniona nyuma yako, ulitaka kuizima.

"Rudisha nyuma," nikakuambia.

"Mama?"

"Rudisha pale mbwa anapokimbia."

Tuliiangalia mara sita. Nilicheka mpaka kikohozi kikanishika, ukanipiga mgongo huku na wewe unacheka. Sijui kama uliwahi kuniona nikicheka hivyo tangu tuingie nchi hii. Mimi mwenyewe sikumbuki.

Kuanzia hapo tukawa na Halowini yetu. Nje hatukutoka, mlango hatukufungua, lakini ndani ilikuwa sikukuu. Wewe ndiye uliyepanga ratiba. Kwanza muziki, huku mimi nakaanga maandazi: filimbi za kuzimu, milango inayolia, kwaya za watu ambao uliniambia ni maiti. Halafu video za kuchekesha. Yule paka aliyevikwa boga, akawa anagonga kuta. Yule babu aliyejificha kwenye jeneza ili awatishe wajukuu, akasinzia humohumo, wajukuu wakamsahau wakaenda kula. Mwishoni kabisa, podikasti, zile hadithi za kusikiliza mtandaoni. Tulikuwa tunagawana spika za masikioni, moja sikio lako, moja sikio langu, tumekaa mashavu yanagusana kwa sababu waya ulikuwa mfupi. Kiingereza cha wale wasimulizi kilinipita. Walinong'ona mno. Lakini ilipofika sehemu ya kuogofya ulinibana mkono, na mimi nikajua hapa ndipo pa kuogopa, nikaogopa.

Siku moja, umeshaanza chuo, nikachomoa spika yangu katikati ya hadithi. Nikakuambia, "Huyu bwana hajui kutisha. Bibi yako wa Korogwe angemkimbiza."

Ukasimamisha ile podikasti. Ukaniambia, kwa Kiingereza chako cha haraka, nisimulie sasa hivi, nisiruke hata kitu.

Ndipo nikakusimulia habari ya nyumba ya mjane. Nilikuwa sijaisema tangu nilipokuwa msichana. Mjane alikufa, nyumba yake ikafungwa, lakini kila mvua ya rasharasha ikinyesha mchana, majirani walisikia mtu anatwanga mle ndani. Bibi yako, akiwa mdogo na mkaidi kuliko wewe, alisukuma mlango akaingia. Hakukuta mtu. Alikuta kinu katikati ya chumba, na ndani yake unga. Akautia kidole. Ulikuwa bado wa moto.

Ukasema tutairekodi.

Wiki ile ilikuwa ya raha kuliko zote nilizokaa Toronto. Uliazima maikrofoni chuoni, ukaniingiza kwenye kabati la nguo katikati ya makoti ya baridi, kwamba makoti yanameza mwangwi. Nilisimulia kwa Kiswahili, wewe ukaweka Kiingereza juu yake. Kwa mlio wa kutwanga ukanipa kile kinu changu kidogo cha vitunguu saumu, nikakiweka sakafuni nikatwanga kitupu, tu, tu, tu. Ghafla mlango ukagongwa. Tulipiga yowe sote wawili, makoti yakatuangukia. Kumbe jirani wa chini, yule mzee mwenye kofia ya sufu, amepanda kuuliza kuna nini. Ulipomweleza alitaka kuisikiliza. Akasimama pale mlangoni na kandambili zake mpaka ikaisha, akashuka ngazi akiangalia nyuma. Ukaniambia umeona, Mama, tumemtisha.

Ulipoiweka mtandaoni ulikuwa unanisomea jumbe za watu huku umesimama juu ya kitanda. Mkenya mmoja wa kule mtaa wa Dixon aliandika kwamba sauti ile ni ya shangazi yake kabisa, na kwamba amelia. Nilijifanya naosha vyombo, lakini nilikuwa nimefunga bomba ili nisikie vizuri.

Sasa nafika pale ambapo sijawahi kupasema.

Jumapili ya pili yake, kwenye ukumbi wa chini wa kanisa, akina mama walikuwa wanamimina chai. Wewe ulikuwa unapitisha sinia la sambusa. Mama Eliya, ambaye ndiye aliyetupokea tulipofika nchi hii, ambaye koti lako la kwanza lilitoka nyumbani kwake, alinisogelea mbele ya wenzake wote.

"Mama Tumaini, mwanangu amenisikilizisha kitu kwenye simu. Mtu anasimulia mambo ya mizimu. Sauti ni yako. Ni wewe?"

Wote wakanigeukia. Ningeweza kusema ndiyo, ni hadithi ya mama yangu, kaeni niwasimulie. Mdomo ukakataa. Nikasema:

"Ah, watoto hawa. Alinirekodi bila mimi kujua. Nilikuwa naongea zangu tu nyumbani, akaiba sauti. Nimeshamgombeza."

Mama Eliya akatikisa kichwa, akakutazama wewe. "Tumaini, mwanangu, mama yako hafanyiwi hivyo." Na wewe ulikuwa hatua mbili kutoka pale, na sinia mkononi. Ulilielewa kila neno. Ukasema, "Samahani," ukaendelea kupitisha sambusa mpaka zikaisha.

Kwenye treni ulikaa kiti cha mbele yangu, si pembeni yangu. Miaka yote nilikuwa nakusemesha Kiswahili ukinijibu Kiingereza, mpaka nilishakata tamaa. Tulipokaribia kituo cha Victoria Park ukainua uso, ukasema kwa Kiswahili kilichonyooka, kama umekifanyia mazoezi njia nzima:

"Mama, ulinikana mbele ya watu."

Nikakujibu nini? Nikakujibu kwamba hujui hali ya kanisani, utakuja kuelewa ukiwa mtu mzima. Ulikuwa na miaka ishirini. Jioni ile uliifuta ile podikasti. Ulipomaliza chuo ukapata kazi Halifax, mji wa mbali wa pwani, ukaondoka na mabegi mawili. Ni miaka minne sasa tangu Jumapili ile. Unanipigia Krismasi na siku yangu ya kuzaliwa. Unaniuliza kama nimekula, nakuuliza kama kuna baridi, tunaagana.

Sikulaumu. Nakueleza tu jinsi ninavyoishi. Oktoba ikifika natafuta zile video. Yule mbwa na mfupa bado yupo. Nacheka, lakini nikicheka peke yangu naisikia sauti yangu mwenyewe, inanikatisha. Podikasti nasikiliza za watu nisiowajua, na siku hizi Kiingereza chao nakielewa chote, ila hakuna wa kunibana mkono. Hadithi inakwisha sijui nilipaswa kuogopa wapi. Mwaka huu nimenunua pipi, nikawasha taa ya mlangoni, nikakaa karibu. Wamekuja watoto wawili tu. Mmoja alikuwa mzimu wa shuka, mwingine sikumwelewa ni nani. Nilitaka kumuuliza, lakini mama yao alikuwa ameshaita lifti.

Jumapili iliyopita nilisimama kwenye mkutano wa akina mama. Nikashika kiti kilichokuwa mbele yangu. Nikawaambia kuna jambo la miaka minne. Nikawaambia ile sauti ilikuwa yangu, niliingia kabatini kwa miguu yangu, kinu nilitwanga mwenyewe, na nilifurahi. Nikawaambia mwanangu hakuiba kitu. Mwongo nilikuwa mimi, na wao walimgombeza asiye na kosa kwa sababu yangu.

Mmoja alianza kukusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai. Nikajua nimekwisha. Mwishowe Mama Eliya, ambaye siku hizi anatembelea fimbo, akakohoa.

"Mimi ile hadithi sikuimaliza," akasema. "Nilikuwa naisikiliza kwa siri. Siku niliyorudi kuimalizia nikakuta imefutwa. Yule binti alipoingia alikuta nini?"

Wenzake wakaanza kucheka, na mimi nikalia. Waliposisitiza niwaambie, sikuwaambia. Niliwajibu kwamba hadithi nimempa mwanangu, na ni yeye wa kuamua kama itasikika tena. Mama Eliya akasema, "Basi mpe pole zangu. Mwambie nilikosea." Nikamwahidi nitakuandikia, na nitaandika mahali ambapo kila mtu ataona. Ndiyo maana barua hii nimeiomba iwekwe kwenye ukurasa wa jumuiya yetu. Maneno yaliyokuumiza niliyasema hadharani. Sioni haki kukuomba radhi kwa kunong'ona.

Nisamehe, Tumaini. Sikuombi urudi, wala sikuombi uirudishe podikasti. Kama hutataka kujibu, nitaendelea kukuuliza habari za baridi Krismasi ikifika, na nitashukuru kwa hilo. Ila nilitaka ukilala leo huko Halifax ulale ukijua kwamba hapa Toronto hakuna tena mtu anayekuita mwizi.

Vaa kofia, upepo wa bahari huko nasikia haucheki na mtu.

Ni mimi mama yako, niliyesimulia kwa hiari yangu.