Shemeji Anaishiwa Pumzi na Kanikataza Nisiseme

Mshauri mpendwa, nimebanwa huku na huku, nisaidie. Mimi na shemeji yangu, mume wa dada, tunapiga makasia mashua moja ya watu wawili, yeye anakaa mbele yangu na ndiye anayeweka mwendo, mimi nautazama mgongo wake tangu tunatoka gatini mpaka tunarudi, naweza kusema namjua kwa mgongo kuliko kwa uso. Mwaka jana kocha alituletea vile vifaa vya kuzoeza misuli ya pumzi, unakiweka mdomoni unavuta hewa huku kinakubania, ukitaka kazi zaidi unakaza skrubu yake, na kusema kweli vilitusaidia, mimi niliyekuwa nafika mwisho ulimi nje sasa nafika na pumzi ya kutania watu. Shemeji naye alipanda vizuri, lakini tangu msimu huu uanze mambo yamegeuka, anakohoa, anashika kifua, na pumzi ikimpungua anasema misuli imelegea, basi anakikaza kifaa zaidi, akiona haitoshi anakaza tena. Juzi tulipomaliza mazoezi alisimama gatini akaanguka, macho yakageuka, nikammwagia maji, alipozinduka neno la kwanza akasema, "Shemeji, hili liishie hapa hapa. Kocha akijua ananitoa." Nikamwahidi. Nilipofika kwao dada akanivuta jikoni akaniuliza, "Mbona siku hizi anahema hata akivua viatu? Kuna kitu mnanificha?" nikamjibu ni mazoezi tu dada, akanishukuru, na kule kunishukuru ndiko kunakonichoma mpaka leo. Mashindano ya kuchagua timu ya taifa ni mwisho wa mwezi, tumeyasubiri miaka, nikisema nimemsaliti, nikinyamaza naogopa. Nifanyeje?

Mkaa Nyuma

Mkaa Nyuma,

Pole sana. Ahadi uliyompa mtu akiwa amelala chini ni nzito, naielewa. Lakini nitakugombeza kidogo, univumilie.

Kifaa kile kinaimarisha misuli ya mtu mwenye afya. Hakitibu kifua wala moyo. Mtu anayeshika kifua na kuzimia ana jambo ambalo wewe hulijui, mimi silijui, na yeye mwenyewe hataki kulijua. Huenda ni dogo la kumaliza kwa dawa. Huenda si dogo hata kidogo. Anavyozidi kukaza skrubu anajikaba mwenyewe huku wewe unamtazama mgongo.

Sasa tuambiane ukweli. Barua yako imejaa huruma kwa shemeji, lakini umeandika "tumeyasubiri miaka". Na wewe umo humo. Unaogopa kumwangusha, na unaogopa pia kuachwa nyumbani timu ikisafiri. Kuitaka timu ya taifa si dhambi, ila woga wako usiuite uaminifu. Na kumdanganya dada yako machoni, jikoni kwake mwenyewe, hapo umenikera.

Fanya hivi. Leo hii nenda kwake, mkae wawili, mwambie kwa mdomo wako kwamba ahadi ile huwezi kuitunza. Mpeleke hospitali, uingie naye kwa daktari, umweleze kila kitu pamoja na habari za kifaa na kuanguka kule, maana ukimwachia yeye atasema ana mafua. Akikataa kwenda, ondoka hapo moja kwa moja hadi kwa dada yako, umwombe radhi, umwambie yote. Kisha kwa kocha. Shemeji atakununia, pengine mwaka mzima. Mwache anune, anayenuna anapumua.

Na wakikuzidi nguvu wote, ikafika siku ya mashindano hajapimwa, wewe usipande. Atakutukana, kocha atafoka, watu watakuita mwoga. Kaa pale gatini na kasia lako mkononi. Mashua yenu haiondoki na mtu mmoja, na siku hiyo hakuna mwingine atakayeweza kumzuia mume wa dada yako asije akafia majini.