Batri Tulizozilaza Njaa

Paluku rafiki yangu,

"Mashine ya marehemu inakufaka na mwenyewe. Tutupe hii, tununue ya mupya." Ndivyo alivyosema mdogo wako Kasereka jana mlangoni pa karakana yako hapa Ngezi, ukoo ulipoifungua kidogo kuhesabu vitu vyako, ameshika ile mashine yako ya kukaza skrubu, visi kama ulivyoziita, isiyo na waya. Batri zote mbili haziwaki. Anachosema ni uongo, na sina jina la upole la kuupa.

Mashine haikufa nawe. Siku tulipokuzika ilikuwa nzima. Ndiyo iliyofunga jeneza lako, na aliyeishika ni binti yako Masika. Kisha wakubwa wa ukoo wakafunga karakana kwa kufuli: kitu cha marehemu kisiguswe mpaka kilio kiondolewe. Miezi minane. Na mimi, mtu wa kuandika makaratasi ya kugombana na kila mwenye cheo, nikaitikia kwa kichwa. Nilisahau kwamba kila Jumapili ukitoka misa ulizipeleka batri kwenye sola, hata wiki isiyo na kazi. "Batri haipashwe kulala njaa," ulikuwa unasema. Tukazilaza njaa miezi minane, tukaiita heshima.

Jana hiyo hiyo nilizipeleka kwa fundi wa redio, akazifungua mbele yangu. Ndani mna vibatri vidogo, na hivyo tu ndivyo vilivyokufa. Mota ni nzima. Atavitoa, aweke vingine, basi.

Kasereka anasema kipya ni kipya. Ile mpya aliyomletea Masika karakana ilipofungwa ilikutana na mbao ngumu ya msitu wa Mambasa, ikatoa moshi kwenye visi ya tatu. Tangu siku hiyo binti yako anafunga madawati ya shule uani, kwa mkono. Viganja vimechubuka. Shule imeanza kuuliza kama hakuna seremala mwanaume.

Jana Kasereka alinigusa panapouma: "Weye unalilia muntu, haulilie mashine." Ndiyo, ninalilia mtu. Ninamlilia aliyenicheka, "Profesere, unasomaka vitabu yote ile, na haujue visi inazungukaka upande gani." Ningekubali unitukane hivyo kila asubuhi. Lakini machozi yangu hayamfungii Masika dawati hata moja.

Pumzika, Paluku. Fundi akishamaliza, kila Jumapili nitazipeleka batri kwenye sola mimi mwenyewe, mpaka miguu inikatae.

Barua hii naisoma leo mbele ya ukoo wako, siku ya kuondoa kilio. Basi ninyi mlioketi viti vya mbele, na wewe Kasereka: ufunguo wa karakana uko mfukoni mwa mmoja wenu. Utoeni. Masika amesimama pale mlangoni, mumpe mkononi sasa hivi, kabla mtu hajagusa chakula.