Sauti Yako Niliyomficha Baba

Tena Estate,
Nairobi.
9 Februari 2025

Mpendwa mdogo wangu Wavinya,

Pokea salamu za nyumba nzima. Baridi ya huko Ujerumani inakutendeaje, na kile kikohozi kimekuachilia? Sisi tu wazima. Hapa jua linachoma kweli. Mama amepona mafua, na Jumapili iliyopita alirudi kwenye kwaya.

Habari ya Baba ndiyo njema zaidi. Kile kidonda cha mguuni, alichokipata patasi ilipomwangukia akichonga pale Gikomba, kimeanza kuziba. Unajua sukari ilivyokizuia kupona tangu Agosti. Ni mimi niliyekiosha na kukifunga kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Na kila asubuhi Baba alinisimulia habari zako: Wavinya anachunguza seli shina, zile seli changa zinazoweza kuzaa seli za aina nyingine, Wavinya atapata dawa. Mguu niliushika mimi, jina likatajwa lako. Niliona wivu, Wavinya. Nalitaja neno lenyewe nisije nikalizunguka.

Desemba nilisikia kuna daktari wa kliniki moja ya binafsi anayedunga sindano za seli shina kwa vidonda vya sukari. Nilifurahi kupita kiasi. Nilitaka seli hizo hizo zako zimponye Baba kwa mkono wangu, wewe ukiwa mbali. Nikaweka miadi. Baba alikubali, ila akaniomba nikuulize kwanza. Ndipo ulipomrekodia ujumbe wa sauti, ukautuma kwa simu yangu kwa kuwa ya Baba ni ya kubonyeza tu.

Niliusikiliza peke yangu jikoni. Ulimweleza kwamba seli hizo hazigeuki ngozi mpya kama watu wanavyodhani, na kwamba nyingi hutoweka baada ya siku chache. Kazi yake kubwa ni kutoa kemikali zinazotuliza uvimbe, zinazozisaidia seli zilizoumia zisife, na zinazoita mishipa midogo ya damu iote upya, ili mwili wenyewe ujijenge. Ukasema bado mnazipima kwa panya. Anayeziuza leo aulizwe zilitoka kwa nani, zimepimwa zinatoa nini, na kibali chake kiko wapi.

Sikumpa Baba ujumbe huo. Nilimwambia una kazi nyingi, hujajibu.

Siku ya miadi Baba alikuwa ameshaweka mguu juu ya kiti, na daktari ameshavuta dawa kwenye sindano. Akasema seli zitageuka ngozi mpya kwa wiki mbili. Nikakumbuka sauti yako. Nilimuuliza zilitoka kwa nani. Akajibu ng'ambo. Nikamuuliza zimepimwa zinatoa nini, na kibali kiko wapi. Akaniuliza kama mimi ni daktari. Nikamvalisha Baba kiatu, tukatoka.

Tulikwenda hospitali ya serikali. Muuguzi mmoja, Rispa, alikata nyama iliyokufa, akampa Baba kiatu maalum kisichokandamiza kidonda, na akamkalia ngumu juu ya sukari. Kuanzia hapo Rispa ndiye aliyekuwa akikifunga. Polepole kikaanza kuziba.

Lakini Baba aliwaambia wachongaji wenzake wote kwamba Nthoki ameuokoa mguu wake, kwamba anajua seli kuliko waliozisomea. Nami nilinyamaza. Nilikula sifa zako wiki sita, Wavinya, na zilikuwa tamu.

Jana nilimwambia ukweli. Aliutazama mguu.

"Ungeniacha nidungwe?" akauliza.

Nilimwambia sijui. Mpaka sasa sijui.

Akaomba simu. Aliusikiliza ujumbe wako mara tatu, akitabasamu kila ulipomtania, na wivu ukanirudia nikiwa pale pale kando yake. Nadhani aliuona usoni mwangu. Alipomaliza alinirudishia simu, akanisukumia mguu.

"Nifunge wewe," akasema. "Mikono ya Rispa ni mizito."

Nilimfunga. Nisamehe, mdogo wangu. Mpigie leo ukitoka maabara. Simu nitampa mwenyewe, na nitatoka nje mkizungumza.

Mama anakusalimu sana, na Mjomba Nzau, na binti yangu Mourine anayeuliza kama theluji huliwa. Mungu akufunike huko uliko na akuzidishie maarifa.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ninapokuonea wivu,

Nthoki