Mbegu Tulizopeleka Miti

Mujukuu wangu Furaha,

Tunakusalimia kutoka Bukavu. Maman yako amepona malaria, amesharudia kazi. Huko Kinshasa munaandika sera ya sayansi ya inchi, na unaniuliza kama utafiti wetu unaweza kudumu wafadhili wakiondoka.

Nikiwa kijana, nilitumika kwenye kituo cha utafiti wa maharagi. Wafadhili waliondoka, mazutu ya jenereta yakaisha, frigo za mbegu zikaanza kupata joto. Maman Nsimire, mukubwa wetu, akasema: "Tuzipeleke kwa walimaji wa kijiji cha Miti. Wakizipanda kila musimu, hazitakufa." Nililia njiani, nikizani kazi yetu imeisha.

Miaka ikapita. Kituo kilipofunguliwa tena, wamama wa Miti walikuja na vikapu, kila aina ya mbegu imefungwa peke yake.

"Zenu ni hizi," wakasema. "Zingine tumebakisha, tunaendelea kulima."

Maman Nsimire aliketi chini akacheka mupaka machozi. Na mimi nikapumua, kama mutu aliyetuliwa muzigo.

Basi andikeni sera yenu, mutoto wangu, lakini musiandike kama vile muko peke yenu.

Koko yako anayekupenda,
M'Mugisho