Siki ya Bwana Anselme

Maskati

Ndugu yangu mpenzi Nasr,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Kwanza nakuomba radhi kwa kimya changu kirefu. Najua umemuuliza kila msafiri aliyetoka huku kuja Unguja kama mkono wa dada yako umevunjika, na mmoja wao aliniletea swali hilo kama lilivyo, mbele ya watu. Mkono ni mzima. Nilikuwa na jambo moyoni lisilo na mwisho, na sikutaka kukuandikia nusu ya habari. Natumai wewe, wifi yangu na watoto nyote ni wazima, na kwamba goti lako limepata nafuu. Ikiwa bado unapanda ngazi za nyumba ile kwa ukaidi, usinijibu kuhusu goti, nitajua mwenyewe.

Sisi hapa tu wazima, alhamdulillahi, na habari niliyo nayo ni ya Ruba. Unakumbuka kwamba binti yangu alikwenda kusoma kilimo Ufaransa. Shemeji yangu Jaifar, ambaye tangu kufariki kwa kaka yake, mume wangu Ghanim, ndiye msimamizi wa mtoto wetu, alitoa ruhusa kwa sababu alidhani kilimo ni mitende. Ruba alisomea mizabibu. Alipomaliza akaajiriwa na mzee mmoja, Bwana Anselme, mtengenezaji wa mvinyo mwekundu unaosifiwa sana kwao. Shamba lake liko ubavuni mwa kilima chenye mawe, na mteremko wake ni mkali hata trekta haipandi. Mizabibu ilipandwa na babu wa babu yake, nayo sasa ni minene, myeusi, imejikunja kama watu waliochutama.

Ruba alifanya kazi kwa sharti moja: anapogoa, anapalilia, anachuma, lakini haingii ghalani yaliko mapipa. Mzee alilishika sharti hilo kuliko hata Ruba mwenyewe. Wakati wa chakula alimwekea jagi lake la maji mbali na chupa, na mgeni aliyelisogeza alifokewa.

Jaifar alipopata habari, Maskati nzima ilipata habari. Alisema binti wa Ghanim hatakuwa mtumishi wa walevi, akamtaka arudi. Ruba akarudi, kwa kuwa ni mtoto mwenye adabu, akawekwa dawatini katika duka la magari la ami yake, mtaa wa Wattaya. Aliwauzia watu magari bila kutabasamu, nami nikawa namtazama anavyonyauka.

Kisha ikaja habari kwamba Bwana Anselme anakuja Maskati kuzungumza na wazee wa Ruba. Nasr, wewe ni mtu wa kwetu. Unajua mwanamume anayefunga safari kwenda kwa wazee wa msichana hudhaniwa anakuja na nini. Shariffa, mke wa Jaifar, akaagiza halua, akafukiza udi mpaka macho yakatuwasha, akataka kujua kama Wafaransa hutoa mahari. Jaifar akatunga maneno ya kukataa, ya heshima mwanzoni na makali mwishoni, akavaa joho na hanjari kiunoni. Ruba aliapa kwamba mzee wa watu hana nia hiyo. Shariffa akamjibu kwamba wote husema hivyo.

Mgeni alipoingia sebuleni kwangu, tukaona ni mzee anayekaribia miaka themanini, ana mkongojo na suti iliyomzidi mabega. Shariffa alininong'oneza kwamba ikiwa huyu ndiye bwana harusi, basi mahari ilipwe upesi. Sikucheka, ingawa haikuwa rahisi.

Hata kahawa haijaenda mzunguko wa pili, mzee akafungua mkoba wake, akatoa chupa nyeusi, akamkabidhi Jaifar kwa mikono miwili. Zawadi ya mgeni hairudishwi usoni pake, na ulevi hauingii nyumbani mwetu. Jaifar akabaki kati ya mambo hayo mawili, mkono ukiwa hewani. Mzee akasema neno, na Ruba akawahi kulifasiri: si mvinyo, ni siki. Jaifar akauliza siki ya nini. Mzee, ambaye uongo haujui, akasema ilikuwa mvinyo wake. Hapo Jaifar akauliza swali ambalo mtu wa dini hana budi kuliuliza: nani aliyeigeuza? Kwani ulevi uliogeuka siki wenyewe una hukumu yake, na uliogeuzwa na mkono wa mtu wanazuoni wana maneno juu yake.

Ruba alipofasiri, mzee akabadilika rangi. Akamwomba asimlazimishe kujibu. Jaifar akaona ameshinda, akasema, kwa sauti ile anayoitumia anapogundua gari lililogongwa likapakwa rangi, kwamba ndiyo maana huwa anauliza.

Ndipo mzee akaeleza, taratibu, huku anatazama zulia. Mwaka mmoja mkewe aliugua, naye akakaa hospitali kando ya kitanda chake, ghala akaliacha. Alipomzika na kurudi, pipa lake bora kuliko yote, la mizabibu mikongwe ya juu kabisa, lilikuwa limechachuka na kuwa siki. Hakuna aliyeligusa. Kwao, fundi aliyeharibikiwa na pipa namna hiyo huchekwa mpaka kaburini. Kwa hiyo alilificha, akawaambia majirani kwamba mwaka ule hakuvuna ya juu. Hata Ruba hakulijua. Ameileta chupa hiyo kwa sababu katika kila alichokitengeneza maishani mwake, hicho tu ndicho alichofikiri mama wa mwanafunzi wake anaweza kukionja. Hakujua kwamba ataulizwa imepatikanaje.

Jaifar akampigia simu sheikh wake, akaongeza sauti ili sote tusikie. Sheikh aliuliza mara mbili kama kweli hakuna aliyetia kitu humo. Akasema iliyogeuka yenyewe ni halali, tuile kwa jina la Mungu, naye abakishiwe kidogo. Jaifar akapiga paja lake kwa nguvu kana kwamba Oman imefunga bao. Akamwambia mzee kwamba mwaka alioufunika ndio mwaka pekee ambao nyumba hii inaweza kuusifu. Bwana Anselme alicheka huku machozi yanamtoka, nasi tukajifanya hatuyaoni.

Tuliinyunyiza juu ya kachumbari na samaki wa kuchoma. Huja kwa ukali, kisha hubaki utamu wa mbali kama wa komamanga lililoiva. Siki ni kitoweo alichokisifu Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, na siku ile nilielewa kwa nini.

Baada ya chakula mzee akasema lililomleta. Hana mtoto. Yuko mnunuzi anayetaka kilima ili aing'oe mizabibu na kujenga nyumba za watalii. Mzee mwenyewe anataka kumpa Ruba kilima hicho. Ruba akasimama mbele ya ami yake, akasema anakitaka kilima kile kuliko kitu chochote duniani, lakini kwa jina lake haitauzwa hata bilauri moja ya mvinyo. Zabibu zile ni ndogo, zina kokwa tele, hazifai kuliwa mezani. Yeye atafanya siki. Sheikh, ambaye Jaifar alisahau kumkatia simu, akapaza sauti kutoka mfukoni kwamba juisi inayotiwa pipani tangu mwanzo kwa nia ya siki, yeye haoni ubaya wake.

Jaifar akakubali. Akaweka sharti kwamba Ruba hatakaa kilimani peke yake bila mtu wa ukoo. Watu wakatazamana. Nikasema nitakwenda mimi. Shariffa akawahurumia Wafaransa, akasema wajifunze mapema kukaa wima mbele yangu. Hata Jaifar alicheka, na Ruba akanikumbatia mbele ya mgeni, jambo ambalo sikumkataza.

Sasa nikwambie wasilolijua. Bwana Anselme hakuja kwa shauri lake. Nilimwita mimi. Nilimpigia simu, kwa Kiingereza changu cha skuli na chake cha kubahatisha, nikamwambia kwamba akikitaka kilima chake kiishi, aje aketi uso kwa uso na Jaifar. Chupa ilikuwa fikra yake mwenyewe. Lakini habari ya posa nilijua tangu mwanzo kuwa si kweli, na nikanyamaza makusudi. Jaifar asingeacha duka lake kuja kusikiliza mambo ya zabibu. Kuja kukataa posa alikuja mapema, tena amejitia manukato. Nawe nyamaza hivyo hivyo.

Msalimie wifi yangu, uwabusu watoto, umwombee dua marehemu Ghanim, ambaye angefurahi. Limebaki jambo moja. Ruba amemwambia mzee kwamba atakipokea kilima ghala likiwa tupu. Bwana Anselme amerudi kwao kufikiri: avune mwaka huu mvinyo wake wa mwisho, au aiachie mizabibu ianze na Ruba. Ni kazi ya umri wake wote, nami simhimizi. Akishaamua nitakuandikia, inshallah, siku hiyo hiyo.

Dada yako akupendaye,
Hind