Laini Uliyoisaini

Kaka yangu,

Mama hajambo, ni goti tu linamsumbua.

Umeuliza kwa nini hotuba yako ya video ilikatikakatika juzi. Ukumbi wa shule mlimofanyia mkutano wenu niliuunganisha na intaneti ya shule, ile uliyoisaini ofisini kwenu kuwa ina kasi bila hata kuja kuijaribu. Mwaka jana wanafunzi wangu walilikodolea macho duara likizunguka kwenye skrini mpaka muda wa mtihani ukaisha. Nilipolalamika ukanijibu, "Mdogo wangu, punguza maneno."

Nikapunguza. Juzi uliganda ukutani mdomo wazi, wakubwa zako wote wanakutazama. Mkurugenzi wenu akauliza ni nani aliyeipitisha laini hii. Nilifungua mkoba, nikampa karatasi yenye sahihi yako.

Ni mimi mdogo wako, mwalimu wa kompyuta, niliyepunguza maneno.