Njaa Haigawanywi kwa Mbili

Mabanga, Goma

Papa wangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Kindu, mgongo umekupa nafasi ya kulala, na Mama bado anakupikia pondu unavyopenda. Sisi tuko salama, mimi na Ramazani wangu. Papa, sikujua mtu anaweza kuolewa akawa na furaha hivi! Akirudi na kamyo lake la mizigo kutoka Butembo, vumbi limemjaa hadi kwenye kope, naona Goma nzima haina mwanaume mzuri kama yeye. Nyumba yetu ni ya mbao, imekaa juu ya mawe meusi ya volkano, nami nayafagia mawe hayo nikiimba. Majirani wananicheka: "Huyu arusi itamwisha siku gani?"

Kazi nimepata. Nafanya ankete, yaani napita nyumba kwa nyumba nikiuliza maswali, kwa biro moja ya mtaa wa Himbi, ofisi inayogawa unga na maharagwe. Siku ya kwanza nilijaza karatasi yangu mwenyewe. Hali ya ndoa: moja ni hajaolewa, mbili ni ameolewa. Nikakumbuka darasa lako, kwamba namba kama hizo ni majina tu, mbili haizidi moja. Nisamehe, mwalimu wangu. Kwangu ilizidi.

Lakini kuna namba nyingine inayoninyima raha, na wewe ndiye utakayenielewa.

Nyuma yetu, kwenye mahema, anakaa Mama Feza na wajukuu zake watatu. Vita vilimtoa Masisi, akajenga hapa, volkano ikachoma alichojenga. Swali letu la njaa lina majibu manne: sifuri ni hakuna, moja ni kidogo, mbili ni ya kati, tatu ni kali. Aliyeuliza kabla yangu aliandika mbili karibu kila hema. Mimi nilikwenda wiki ya pili ya ndoa, hina bado nyekundu mikononi, nimevaa kitenge cha arusi kwa sababu sikutaka kukivua. Mama Feza alinishika vidole, akavigeuzageuza, akatabasamu.

"Njaa? Ni kidogo tu, mutoto yangu. Andika kidogo."

Hema la pili, kidogo. La tatu, kidogo. Niliandika moja, moja, moja, nikashukuru Mungu kwamba watu wanapata nafuu.

Shefu wa biro yetu alipoona karatasi alipiga meza. "Mbili imekuwa moja! Njaa imepungua nusu, basi na chakula nusu."

Nilimwambia hizo ni ngazi. Zinaonyesha ipi inazidi ipi, hazisemi inazidi kwa kiasi gani, na ngazi haigawanywi kama gunia.

"Madamu, umeolewa jana, leo umekuwa profesa?"

Biro nzima ilicheka. Chakula kikakatwa nusu.

Nilikimbia kwa Mama Feza kumuuliza kwa nini alinidanganya. Aliniangalia kama mtoto asiyefundishwa kwao. "Nani anaambia bibi arusi habari ya njaa? Tukuharibie nyumba yako kwa mikosi?"

Papa, walinificha kwa kunipenda. Nilisugua mikono kwa ndimu kutoa hina hadi ikawaka, nikavaa nguo ya zamani, nikauliza upya hema kwa hema. Wote walisema tatu. Shefu hakuzigusa karatasi. "Orodha imeshakwenda. Ngoja ankete ijayo."

Ramazani ananiletea viazi, kila mchana napeleka sufuria moja. Mahema ni mengi. Nakuomba uandike kwa mkono wako, kama mwalimu wa hesabu, kwamba kutoka mbili hadi moja si nusu. Labda karatasi ya muzee wataisoma.

Nisalimie Mama, bibi, na mdogo wangu anayeuza sabuni sokoni. Shangazi aliyenipaka hina, msalimie sana, lakini habari hii usimsomee.

Barua imekaa siku tatu ikingoja mtu wa kuisafirisha, kwa hiyo naongeza. Jana tulimzika mjukuu mdogo wa Mama Feza. Leo watu wa biro walipita kuuliza idadi ya watu hemani kwake. Walikuwa wanne, sasa watatu. Hiyo ni hesabu kweli, Papa, wanne ukitoa mmoja ni watatu, nami sikuwa na la kubisha. Hiyo hawakungoja ankete ijayo. Waliandika palepale, wakapunguza unga wa mtu mmoja.

Binti yako,
Zaina